Chujio la Mafuta katika Motokaa ya Zamani

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno hili ni la kweli, walakini fundi mwenye akili huongeza jingine: mwenye kuziba ufa na atazame kwanza, asije akautanua kwa mikono yake mwenyewe. Yafaa maneno haya mawili yakae pamoja moyoni mwa kila mwenye motokaa ya zamani, ambaye leo hushauriwa kuitia injini yake chujio la mafuta ambalo wenye kiwanda hawakuiwekea.

Utolewe hapa mfano wa mwalimu mmoja mstaafu, mkaaji wa upande wa Nyeri. Baba yake alipofariki alimwachia shamba dogo la kahawa, ng'ombe wachache, na Volkswagen ya mgongo wa mviringo, ile iitwayo Beetle, iliyotengenezwa mwaka 1962. Motokaa hiyo yaenda hata leo. Siku ya Jumapili humpeleka mwalimu na mkewe kanisani, na siku ya soko hubeba viazi katika kiti cha nyuma. Mwalimu hana fedha ya kununua nyingine, wala hataki. Amekwisha kuona motokaa nyingi za rika hilo zimelala chini ya miti, magurudumu hayana upepo, kuku wanataga ndani. Naye aliazimu kwamba ya baba yake isifike huko maadamu yeye yu hai.

Siku moja kijana fundi wa pale sokoni aliinama akaichungulia injini, akatikisa kichwa.

"Mzee," akasema, "injini hii haina chujio la mafuta. Nashangaa kwamba bado yazunguka. Niachie leo asubuhi. Nitatoboa kwa drili, nitafunga chujio la kisasa, na jioni utakwenda nayo nyumbani."

Mwalimu alifurahi, maana shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kuzipitia hesabu za watoto mara mbili kabla ya kuandika alama. "Ahsante, kijana wangu," akajibu. "Niache kwanza nifikiri." Akaenda kwa fundi mmoja mzee, aliyeitengeneza motokaa ile tangu siku za marehemu baba yake.

Kabla ya kueleza aliloambiwa huko, yapasa msomaji aelewe kazi ya mafuta ndani ya injini. Watu wengi wadhani kwamba mafuta ni ya kulainisha tu. Kwa kweli yana kazi tatu: kulainisha, kupoza, na kubeba uchafu. Katika Beetle kazi ya kupoza ni kubwa kuliko katika motokaa nyingine, kwa sababu injini yake haitumii maji. Hupozwa kwa upepo wa feni, na kwa mafuta yapitayo katika kipozeo kidogo kilichosimama katika njia ya upepo huo. Tena mafuta yenyewe ni lita mbili na nusu tu, ilhali motokaa nyingi za siku hizi hubeba lita 4 au zaidi. Mafuta machache yakifanya kazi nyingi, hayana budi kuchafuka upesi.

Uchafu huo hutoka mahali patatu. Kwanza ni masizi ya petroli iliyoungua. Pili ni chembe za chuma zinazochubuka pale vyuma vinaposuguana. Tatu ni vumbi la barabara, nalo ndilo adui mkubwa, kwa maana ndani ya vumbi mna punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi. Punje hizo huingia pamoja na hewa inayovutwa na kabureta, hupita kando ya ringi za pistoni, hushuka katika mafuta, na kutoka hapo huzungushwa katika kila beringi ya injini. Kazi yake huko ni kama kazi ya tupa mkononi mwa mhunzi.

Wenye kiwanda hawakuiacha injini bila mlinzi. Chini yake waliweka wavu wa waya, uliofunikwa kwa bamba lenye nati sita ndogo, na mafuta yote hupita katika wavu huo kabla ya kuvutwa na pampu. Lakini wavu ule ni kama chekeche la jikoni: huzuia punje, hauzuii unga. Vipande vikubwa hubaki chini, na chembe nyembamba hupita na kuendelea na safari yake. Chujio la karatasi, lile la motokaa za siku hizi, huzuia hata sehemu kubwa ya unga huo.

Isidhaniwe kwamba Volkswagen walikuwa peke yao. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata mwaka 1927, haikuwa na chujio wala pampu ya mafuta. Gurudumu zito la injini lilirusha mafuta juu, nayo yakateremka yenyewe kwa uzito wake hadi mahali palipohitajiwa. Ni mwaka 1923 ndipo Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walipobuni chujio la mafuta la motokaa wakaliita Purolator, na mwaka 1924 Chrysler wakaanza kuuza motokaa yenye chujio hilo. Hata baada ya hapo, viwanda vingi viliendelea miaka mingi kutengeneza injini ndogo bila chujio. Dawa yao ilikuwa moja tu: kumwaga mafuta machafu mapema na kutia mapya.

Na dawa hiyo ilifanya kazi. Mashindano ya motokaa ya Afrika ya Mashariki yaliyoanza mwaka 1953, ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari, yalipita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Hata hivyo ni vema kusema kweli yote. Wenye kiwanda wenyewe mwishowe walikubali kwamba chujio lafaa: Beetle zilizotengenezwa Mexico katika miaka ya mwisho, kabla kazi hiyo haijakoma mwaka 2003, zilitoka kiwandani zikiwa nalo. Kwa hiyo kijana fundi wa sokoni hakukosa katika shauri lake. Alikosa katika namna na wakati, kama itakavyoonekana.

Mzee fundi alipokwisha kusikia habari, hakujibu upesi. "Mwalimu," akasema, "mgonjwa hapewi dawa kabla hajapimwa. Na tuipime kwanza."

Jambo la kwanza alilolitazama ni chujio la hewa, lile kopo lililo juu ya kabureta. Kopo hilo lina mafuta chini, nayo hewa hupitishwa juu ya mafuta hayo ili vumbi linase humo. Mzee alilifungua akamwonyesha mwalimu. Mafuta yalikuwa yamegeuka kuwa tope jekundu lililokauka. "Waona?" akauliza. "Mlango wa mbele u wazi, nasi twataka kununua kufuli ya chumbani." Akaliosha kwa mafuta ya taa, akatia mafuta mapya hadi kwenye alama.

Jambo la pili, alimwaga mafuta ya injini yangali na moto, akafungua zile nati sita na kuutoa wavu. Aliufuta kwa kitambaa cheupe, akakipeleka juani. Kulikuwa na tope jeusi, na ndani ya tope hilo chembe chache zilizometameta. Masizi si jambo la kuogofya, lakini chembe zing'aazo ni barua kutoka ndani ya injini, na mwenye motokaa hana budi kuisoma.

Jambo la tatu, injini ikiwa imezimwa, alishika puli ile inayozungusha mkanda wa feni, akaivuta na kuisukuma kwa nguvu. Ikasikika sauti: ko, ko. Puli hiyo imefungwa katika mwisho wa krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Mhimili huo huachiwa nafasi ndogo ya kwenda mbele na nyuma, na kikomo chake ni kama sehemu 15 katika mia za milimita moja. Mkono wa mtu ukiweza kuusikia ukigonga hivyo, yafaa upimwe kwa kipimo cha fundi, kwa kuwa huenda nafasi imekwisha kupita kikomo. Mzee alipima, akaona imepita.

"Mwalimu, pole," akasema. "Injini hii yataka kufunguliwa. Ungeitia chujio leo, ungekuwa umemvika shati jipya mtu mwenye kidonda, wala kidonda hukukiosha."

Mwalimu alinyamaza kitambo. Alijua maana ya maneno hayo: ni mtamba mmoja kutoka zizini. Kisha akauliza, "Na tukiiacha hivi hivi?"

"Itakwenda mwezi, huenda mwaka. Kisha kasha la injini litaharibika pasipoweza kutengenezwa, na hapo hata ng'ombe wawili hawatatosha."

Basi mtamba aliuzwa. Msomaji asione kwamba hiyo ni hasara tupu, kwa maana kufunguliwa kwa injini ndiko kulikofungua njia ya kuweka chujio kama ipasavyo. Njia za kuliweka katika Beetle ni tatu, na kila mwenye motokaa ya namna hii yafaa azijue.

Njia ya kwanza ni kuchuja sehemu tu ya mafuta. Bomba dogo huunganishwa mahali pa swichi ya taa ya mafuta, mafuta kidogo hupitia katika chujio, kisha hurudi chini ya injini. Uzuri wake ni kwamba chujio likiziba, beringi bado zapata mafuta. Ubaya wake ni kwamba mafuta hayo huibwa katika njia ya beringi, na pampu ya Beetle ya zamani si kubwa. Tundu la bomba lisipokuwa dogo sana, nguvu ya mafuta hupungua pale inapohitajiwa zaidi.

Njia ya pili ni kuweka pampu yenye kifuniko cha njia mbili. Mafuta yote hutoka katika kifuniko, hupita katika chujio, kisha hurudi kwa kifuniko hicho hicho na kushika njia yake ya kale. Hapana haja ya kutoboa kasha, wala ya kuishusha injini. Njia hii yafaa kwa injini iliyo nzima. Lakini vijia vya kifuniko ni vyembamba, na pampu za Volkswagen hazilingani kwa miaka yote. Pampu huzungushwa na kamshafti, mhimili mdogo unaofungua vali, na umbo la mwisho wa mhimili huo lilibadilishwa mara kadhaa. Anunuaye pampu bila kuulizia mwaka wa injini yake huenda akarudi dukani siku ya pili. Tena nafasi kati ya meno ya pampu na kifuniko isizidi sehemu ya kumi ya milimita, ama sivyo pampu haivuti vema.

Njia ya tatu ndiyo bora: kutoboa kasha, kukata hesi, kuziba mlango wa zamani wa pampu, na kuyapeleka mafuta yote nje katika chujio na kuyarudisha ndani kwa tundu jipya. Hii ndiyo aliyoitaka kijana fundi. Kosa lake lilikuwa kutaka kuifanya injini ikiwa imefungwa. Kasha la Beetle ni la metali ya magnesi, nyepesi na laini, na drili ikilipita huacha vipande vidogo kama unga wa msumeno. Vipande hivyo vikianguka katika njia ya mafuta, hakuna chujio litakalovizuia, kwa kuwa vimekwisha kulipita chujio kabla ya safari kuanza. Vitakwenda moja kwa moja katika beringi. Yaani mtu angeharibu kwa saa moja kile ambacho vumbi la miaka 60 halikuweza kuharibu.

Mzee fundi hakumdharau kijana yule. Alimwita aje asaidie kazi, maana mikono yake ilikuwa imara kuliko mikono ya mzee. Kasha lilipogawanywa vipande viwili, kijana alitoboa na kukata hesi, mzee akisimama karibu. Kisha vizibo vyote vya njia za mafuta vilitolewa. Kasha likaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, likapulizwa kwa upepo, likaoshwa tena. Kijana alidhani yatosha. Mzee akapitisha kitambaa cheupe ndani ya njia moja kwa waya, kikatoka na chembe mbili.

"Tena," akasema mzee. Wakaosha mara ya tatu.

Injini iliporudishwa pamoja na beringi mpya, mambo manne yaliangaliwa ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni mipira ya mafuta. Mpira wa maji au wa petroli haufai hata kidogo, kwa sababu mafuta ya injini yana moto na nguvu. Sharti uwe mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena usikaribie bomba la moshi, na uachwe ulegee kidogo, kwa kuwa injini hutikisika nalo chujio limefungwa kwenye bodi. Mpira mmoja ukipasuka barabarani, pampu itamwaga mafuta yote chini kwa muda mfupi kabisa.

La pili ni chujio lenyewe. Lazima liwe na vali inayofunguka likiziba, ili injini isikose mafuta, na vali nyingine inayozuia mafuta yasirudi injini inapozimwa. Tena katika mpango huu chujio husimama kabla ya vali ya injini inayopunguza nguvu ya mafuta. Asubuhi za baridi za milimani mafuta huwa mazito, na mtu akikanyaga petroli kwa nguvu mara tu baada ya kuwasha, chujio au mpira waweza kupasuka. Basi injini iachwe izunguke polepole kwanza.

La tatu ni kipimo. Chujio na mipira yake hunywa mafuta, kwa hiyo lita mbili na nusu hazitoshi tena. Kipimo cha haki ni kile cha kijiti: kuwasha injini kwa dakika chache, kuizima, kungoja mafuta yashuke, kupima, na kuongeza hadi alama ya juu, wala si kuipita.

La nne ni mwasho wa kwanza. Plagi zilitolewa na waya wa koili ukachomolewa, kisha injini ikazungushwa kwa stata hadi taa ya mafuta ilipozimika. Ndipo plagi ziliporudishwa na moto kutiwa. Injini yenye beringi mpya isiwashwe kavu hata kwa nukta chache.

Motokaa iliponguruma, mwalimu alitabasamu akasema, "Sasa nitakaa mwaka mzima bila kubadili mafuta."

"La, Mwalimu," akajibu mzee. "Hapo ndipo wengi walipopotea."

Chujio huzuia kitu kigumu, haliwezi kuzuia kitu kilichoyeyuka. Petroli iliyovuja ikachanganyika na mafuta, maji yanayotokana na safari fupi fupi za injini isiyopata moto, na asidi itokanayo na kuungua kwa petroli, vyote hupita katika karatasi. Dawa yake ni ile ile ya zamani: kumwaga na kutia mapya. Volkswagen waliagiza kila maili 3,000, yaani kilometa 5,000, na katika vumbi yafaa iwe mapema zaidi. Mwenye chujio na asiongeze maili kwa kulitegemea chujio. Afuate agizo lile lile, abadili na chujio, asafishe na wavu, na nati zile sita azifunge kwa mkono wa upole, kwa kuwa hesi zake huharibika upesi. Chujio kuukuu lisitupwe kabla halijakatwa na karatasi yake kutazamwa juani. Na mafuta machafu yasimwagwe shambani wala mtoni, bali yawekwe katika dumu na kupelekwa kwa wanaoyakusanya.

Mwalimu alipokuwa akisafisha motokaa ili aende nayo nyumbani, alikuta daftari dogo katika kijaluba cha mbele, limefungwa kwa mpira. Lilikuwa la baba yake. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, maili, na neno moja: "Mafuta." Mistari ilianza mwaka 1968, aliponunua motokaa hiyo kwa mwenyewe wa kwanza, ikaendelea kwa mwandiko ule ule hadi mwandiko ulipoanza kutetemeka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi 14 kabla ya kufa kwake. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Mwalimu alimwonyesha mzee fundi. Mzee alisoma kurasa kadhaa, akalifunga daftari, akamrudishia.

"Hili ndilo chujio lililoiweka injini hii miaka yote," akasema. "Lile la karatasi ni msaidizi wake tu."

Mwalimu aliomba kalamu. Akaandika tarehe ya siku ile chini ya mstari wa baba yake, akaandika maili, akaandika "Mafuta," na mbele yake akaongeza, "na chujio."